Mfupa Usiutoe Ulipolala

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi. Nimefurahi kuona hata watu wa soko la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza mmeacha samaki mkaja.

Kuna kijana aliwahi kuniletea mfupa kaufunga kwenye gazeti, mzito kama jiwe, na kweli ulishageuka jiwe, nikamuuliza umeutoa wapi, akasema kwenye korongo, mvua ilinyesha ukatokeza, ila pale penyewe hapakumbuki tena. Jamani niliumia. Mfupa ukishautoa kwenye udongo wake ni vigumu sana kujua una miaka mingapi wala ulilala na nini.

Chukueni korongo la Olduvai, hapo tu ng'ambo ya Serengeti. Tarehe 17 Julai 1959 mtafiti Mary Leakey alitoka kutembea, mumewe Louis kabaki kambini anaumwa, akaona kipande cha fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu na meno makubwa yanachungulia kwenye udongo. Hawakulichomoa, walisubiri mpiga picha afike ndo wakachimba taratibu na kuchekecha udongo, maana fuvu lilikuwa limevunjika vipande mamia. Sasa umri wake haukupimwa kwenye fuvu, ulipimwa kwenye majivu ya volkeno ya tabaka lile! Ndani ya majivu kuna potasiamu inayogeuka kuwa gesi ya agoni polepole sana, unapima agoni iliyojikusanya unapata miaka, na mwaka 1961 ikatoka milioni 1.75 wakati Louis alikisia kama laki sita. Hebu fikiria lingekuja limefungwa kwenye gazeti.

Na huku kwetu Ziwa Victoria pia, upande wa Homa Bay Kenya, panaitwa Nyayanga, mwenyeji wa pale ndiye aliyewaelekeza watafiti. Mwaka 2023 wakatangaza zana za mawe za miaka kama milioni 2.6 hadi 3, ziwa hili lenyewe bado halijakuwepo, pamoja na mifupa ya viboko ina alama za kukatwa, kamfereji kembamba kama kisu kinavyoacha kwenye ubao wa kukatia sangara. Pembeni magego mawili ya ndugu wa yule kiumbe wa Olduvai. Jiwe, kiboko, jino, vyote vimekutwa pamoja, ndo maana leo tunauliza aliyekata ile nyama ni nani.

Kwa hiyo wewe mchimba mchanga au mchungaji, ukiona mfupa wa jiwe usiuchomoe, weka kiberiti pembeni ukubwa uonekane, piga picha karibu halafu rudi nyuma upige na korongo zima, kamwambie mwenyekiti wa kijiji awatafute watu wa mambo ya kale.