Satelaiti Iliyorushwa Ngomeni

Ndugu zangu, nitalirudia hili mpaka kila mtoto wa pwani alijue. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya kujitawala, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, hapo baharini Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Waliorusha ni Waitaliano, satelaiti ni ya NASA, na kwa heshima ya sikukuu ile ikaitwa Uhuru. Ndiyo satelaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani, miale isiyoonekana kwa macho.

Mtu ataniuliza: si wangeweka darubini Kilimanjaro tu? Hapana! Eksirei kutoka angani humezwa na hewa, hazifiki hata Kibo. Ukizitaka, toka nje ya hewa.

Na msifikirie bomba lenye vioo. Uhuru ilibeba masanduku ya gesi. Eksirei ikiingia, gesi hutoa mshtuko mdogo wa umeme, nao unahesabiwa. Satelaiti ilijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa dakika 12, ikilipitia anga ukanda kwa ukanda. Hesabu ikipanda, hapo pana kitu. Hivyo ndivyo chanzo kiitwacho Centaurus X-3 kilivyoonekana kikidunda kila sekunde 4.8: ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kizito kilichobaki nyota kubwa ilipokufa, inayoinyonya gesi nyota mwenzake. Chanzo kingine, Cygnus X-1, nacho kilibadilika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Hapo nawaomba mtulie. Kitu kikubwa hakiwezi kubadilika chote upesi hivyo, maana hata mwanga unahitaji muda kukivuka. Basi ni kidogo, ilhali uzito wake unaiyumbisha nyota kubwa iliyo jirani. Leo tunajua ni shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hauponyoki. Orodha ya mwisho ya Uhuru ilifika vyanzo 339, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Wapo wanaosema picha za anga zinazotengenezwa kwa miale kama hii ni uongo kwa kuwa zimepakwa rangi. Rangi tunatia sisi ili macho yasome vipimo. Vipimo vyenyewe ni vya kweli.

Naona naonyeshwa saa. Miale ya gama, yenye nguvu kuliko eksirei, naiacha. Darubini ya angani ya James Webb, kwa ufupi: inapokea infraredi, miale ya joto isiyoonekana kwa macho, na kila chenye joto hutoa infraredi, darubini yenyewe ikiwemo. Ndiyo maana, ili ibaki baridi na joto lisiivuruge, iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, imejikinga jua kwa pazia la tabaka 5.