Kitabu Kimoja, Jedwali Moja: Kujisomea Themodinamiki ya Uhandisi

ASHA: Karibuni tena. Mimi ni Asha, niko na Deo hapa Dar es Salaam. Leo tunajibu swali ambalo mmetuletea kwa sura nyingi: nisome nini ili themodinamiki, somo la joto na kazi, initoke kooni? Wengi wenu mko mwaka wa pili uhandisi mitambo, wengine diploma, na yupo fundi friji mmoja ambaye swali lake nimelipenda sana. Tutalifikia.

DEO: Na wote wana madesa.

ASHA: Madesa hayo! Simu imejaa PDF mpaka haipigi picha tena.

DEO: Ndipo shida inapoanzia, dada. Mtu anadhani amekosa vitabu, kumbe anavyo vingi mno na havipatani. Chukua kanuni ya kwanza tu, ile inayosema nishati haipotei. Gesi iko ndani ya silinda, imepokea joto kilojuli 100, imesukuma pistoni, imefanya kazi ya kilojuli 30. Nishati yake ya ndani imepanda kiasi gani?

ASHA: Sabini. Hata bila kikokotoo.

DEO: Haya. Kuna kitabu kinachosema kazi inayotoka ni chanya, kwa hiyo unachukua joto unatoa kazi. Kingine kinasema kazi inayoingia ndiyo chanya, kwa hiyo unajumlisha, ila hapa kazi inaandikwa hasi 30. Vyote viwili vinafika 70. Sasa wewe umebeba alama ya kitabu hiki na fomula ya video ile. Unapata 130.

ASHA: Halafu unasema mwalimu anakuchukia.

DEO: Na hiyo ni nyepesi. Twende kwenye majedwali ya sifa za gesi na mvuke, maana huko ndiko watu wanakoliwa. Enthalpi, yaani nishati ya ndani ukijumlisha presha mara ujazo, tunayoisoma kwa kilojuli kwa kila kilo, haina sifuri ya asili. Watengeneza jedwali wanachagua mahali pa kuanzia kuhesabu, basi. Kwa gesi ya friji ya R134a, wapo wanaoanza na sifuri kwenye kimiminika cha nyuzi hasi 40. Wapo wanaosema kimiminika cha nyuzi 0 kipewe 200.

ASHA: Kwa hiyo kimiminika kilekile cha nyuzi 0...

DEO: Jedwali moja linakupa karibu 52, jingine 200. Sasa piga hesabu ya friji. Mvuke unatoka kwenye koili ya baridi ukiwa nyuzi 0: jedwali la kwanza linasema karibu 250. Kimiminika kinatoka kwenye kondensa, ile koili inayotupa joto nje, kikiwa nyuzi 40: jedwali hilohilo linasema 108. Tofauti ni 142, kila kilo moja ya gesi inabeba kilojuli 142 kutoka ndani ya friji. Lakini namba ya nyuzi 40 hukuiona vizuri kwenye fotokopi, ukaitafuta mtandaoni, ukapewa 256.

ASHA: Mia mbili hamsini toa mia mbili hamsini na sita. Hasi sita! Friji inapasha maziwa.

DEO: Na ukiandika hivyo kwenye mtihani, sapu inakungoja. Cha kuudhi ni kwamba namba zote mbili ni sahihi, kila moja kwake.

ASHA: Ndiyo maana mimi nikiulizwa kitabu gani kizuri, naanza kukisoma kutoka nyuma. Fungua kiambatisho. Majedwali yapo? Yanasomeka? Yako kwa vizio vya SI, yaani kilo, mita na juli? Wengi wanaanza na sura ya kwanza, wanaona maelezo matamu, wananunua. Maelezo matamu utayapata hata kwa mwenzako wa chumbani. Jedwali ndilo utakalolala nalo.

DEO: Taja majina basi, watu wana bumu mkononi.

ASHA: Kwa anayejisomea peke yake, Çengel na Boles. Kina maneno mengi, wengine wanakiona kinazunguka, ila ni kitabu chenye subira. Na ile fujo ya alama wanaipunguza kwa kuandika nishati inayoingia na inayotoka, mwelekeo unauona. Maswali yake yenye herufi E mwishoni mwa namba ni ya vizio vya Kiingereza, Btu na pauni. Yaruke bila majuto.

DEO: Mimi ni mtu wa Eastop na McConkey. Kikavu, sikatai, lakini kiko karibu na mashine: kompresa, injini, turbini. Tatizo lake ni kwamba maswali yake yametungwa kwa kile kijitabu cha majedwali cha Rogers na Mayhew. Ukichukua kitabu ukaacha kijitabu, majibu yako na ya nyuma ya kitabu yatapishana kidogo kila mara, na hutajua kama umekosea au la.

ASHA: Chagua kimoja kati ya hivyo, na kama mwalimu wako ana kingine, fuata cha mwalimu. Yeye ndiye anayesahihisha. Toleo la zamani halina ubaya, kanuni za themodinamiki hazijabadilika. Angalia tu sura ya friji isiwe yote ya R12, gesi iliyoondolewa kwa sababu ya Mkataba wa Montreal wa 1987.

DEO: Na asiye na hela?

ASHA: Maktaba kwanza. Kwa majedwali, NIST, ile taasisi ya viwango ya Marekani, inatoa bure sifa za maji, R134a na gesi nyingine. Ukurasa wao unakuuliza kabisa unataka sifuri ianzie wapi. Wengi wanaruka hicho kisanduku.

DEO: Video je?

ASHA: NPTEL ya India wana mihadhara mizima ya bure, chuo cha MIT cha Marekani nao wameweka zao. Pakua kwa Wi-Fi ya chuo usiku, usimalize bando. Ila mimi video naziamini kwa kitu kimoja: kuona mtu anavyochora mpaka wa mfumo, yaani mstari unaotenga kile anachokihesabu na mazingira yake, kabla hajagusa namba. Zaidi ya hapo unatazama tu mwenzio anavyofanya mazoezi.

DEO: Kitabu cha majibu ndiyo hatari zaidi. Kila mstari unaonekana wa wazi ukishauona.

ASHA: Na akili mnemba? Watu wanaiuliza.

DEO: Iulize ikueleze kwa nini entropi ya mvuke, kipimo cha jinsi nishati ilivyotawanyika, inabaki ileile kwenye turbini kamilifu ya vitabuni, isiyo na msuguano wala joto linalovuja. Usiiombe namba ya jedwali. Inaweza kukutajia enthalpi yenye desimali mbili, kwa kujiamini, na isiwe kwenye jedwali lolote. Ile ya kukaa na penseli, kutafuta thamani katikati ya mistari miwili ya jedwali, ifanye kwa mkono mpaka ikuchoshe.

ASHA: Haya, fundi wetu. Anasema ana miaka kwenye friji na viyoyozi, anataka diploma, anaogopa kwamba hana pa kuanzia.

DEO: Kaka, geji zako unazo? Kanunue au kaazime jedwali la R134a, ukae nalo kazini. Ukiwa na friji inayotembea, soma presha ya upande wa chini. Tuseme geji inaonyesha kama psi 28. Geji inahesabu kuanzia presha ya hewa, lakini jedwali linahesabu kuanzia utupu mtupu, kwa hiyo ongeza 14.7. Unakaribia psi 43, yaani kama bar 2.9. Tafuta hiyo kwenye jedwali.

ASHA: Inakupa nyuzi 0.

DEO: Sasa shika kipimajoto, pima bomba linalorudi kwenye kompresa. Likisoma nyuzi 6, mvuke wako umepita kiwango cha kuchemka kwa nyuzi sita.

ASHA: Mafundi wanaiita supahiti, wanaipima kila siku.

DEO: Kwenye kitabu utaikuta sura ya sifa za vitu halisi. Anza hapo, kaka, usianze na sura ya kwanza. Ile ya kwanza utairudia ukikwama kwenye vizio.