Jiko Juu ya Boriti

Assalaam aleikum, jamaa zangu. Nyinyi mnaotaka kufungua mikahawa ndani ya nyumba za Mji Mkongwe, najua mmeshafikiria menyu na taa. Mimi naanza na boriti.

Tazameni dari ya nyumba yoyote ya mawe hapa Unguja. Boriti za mikoko zimelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na ndizo zilizopanga upana wa chumba: mita 3 hivi, basi. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Mtu akija na ramani ya ukumbi wa meza 20, la kwanza analouliza ni ukuta upi uvunjwe. Hakuna! Kuta zile zimebeba nyumba. Pangeni meza safu moja, nyingine zitoke uani. Wateja watapishana kwa mabega, na wengi watapenda hivyo hivyo.

Mji huu ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, kwa hiyo kibali lazima. Hilo mnalijua, napita.

Sasa paa. Kila mtu analitaka, kwa upepo na machweo. Meza hazinitishi, linanitisha tenki. Lita 2,000 za maji ni tani 2, usiku na mchana, juu ya boriti ambazo vichwa vyake vimezama ukutani, hamvioni. Tenki likae chini, na jiko lishuke nalo.

Kuna mkahawa mmoja, siutaji, niliitwa kwa kuwa lipu ilikuwa inadondoka juu ya sinki. Mwenyewe alishapiga saruji mara mbili, kila safari nene zaidi. Nikagonga, ikalia tupu. Tulipoibandua, ukuta nyuma yake umelowa, kidole kinaingia mpaka pingili ya pili. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji ukayatoa. Saruji ilikuwa imeuziba mdomo. Bomba linavuja, maji hayana pa kutokea, yakafika kwenye kichwa cha boriti. Boriti ile tuliikata kwa kisu cha jikoni.

Tukarudisha chokaa. Chokaa haina haraka, kila tabaka lishike kabla ya jingine, na mwenyewe kila siku ananihesabia kodi ya pango. Sinki tumelisogeza, liko mbali na ukuta kiasi cha kiganja, bomba lionekane. Wapishi bado wananinung'unikia: vijiko vinaangukia nyuma.