Kufuta Historia na Kurudisha Nakala: Kazi Mbili Zinazovutana kwenye Kompyuta ya Nyumbani

REHEMA: Shikamoo mwalimu, na wasikilizaji wetu karibuni tena. Leo tunazungumzia kazi mbili ambazo watu huzifanya kwenye kompyuta ya nyumbani bila kuzihusisha, yaani kufuta historia ya kuvinjari na kurudisha nakala rudufu. Nakiri mapema kwamba mada hii nimeichagua mimi, kwa sababu ya aibu niliyoipata kwa baba yangu mwezi uliopita.

HAMISI: Marahaba, Rehema. Basi anza na hiyo aibu, kwa sababu ulivyonisimulia juzi, ndani yake mna karibu kila jambo tunalotaka kulieleza.

REHEMA: Baba amestaafu, na kompyuta yake ya mezani hutumiwa na kila anayeingia sebuleni: yeye kwa kusoma magazeti na kuangalia akaunti ya benki, wajukuu kwa kazi za shule, nami ninapokwenda kumtembelea. Alilalamika kwamba Chrome, kivinjari anachofungulia tovuti, imekuwa nzito, nami nikabonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja, nikachagua muda wote, nikatia alama katika kila kisanduku nilichokiona, kisha nikafuta. Jioni alipotaka kuingia kwenye tovuti ya benki alikuta hatambuliki, na manenosiri yote ambayo kivinjari kilikuwa kikimkumbukia yamekwenda. Mwenyewe hakuwa ameyaandika popote.

HAMISI: Ulifuta vitu vinne kwa kudhani ni kimoja. Historia ni orodha ya kurasa zilizotembelewa, na Chrome hukuonyesha zile za siku 90 zilizopita tu. Vidakuzi ni kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha ili zikutambue utakaporudi, ndiyo maana ukizifuta unaambiwa uingie upya. Faili zilizoakibishwa ni picha na vipande vya kurasa vilivyohifadhiwa ili ukurasa ufunguke haraka, na hizo ndizo pekee ambazo kuzifuta kungeweza kupunguza uzito aliolalamikia mzee, tena kwa siku chache tu, kwa sababu hujikusanya upya. Manenosiri hayana uhusiano wowote na uzito wa kompyuta.

REHEMA: Kwa hiyo ningeondoa alama kwenye kisanduku cha manenosiri, mambo yangekuwa sawa.

HAMISI: Ungeondoa alama hiyo, na kabla yake ungejiuliza unafuta kwa sababu gani. Kama ni tovuti moja tu inayosumbua, Firefox, kivinjari kingine, ina amri ya kuisahau tovuti hiyo peke yake, na katika Chrome unaweza kutafuta jina la tovuti ndani ya historia, unayoifungua kwa Ctrl na H, ukafuta mistari yake bila kugusa mingine. Mimi naona kufuta kwa muda wote ni kama kuchoma shamba zima kwa ajili ya nyoka mmoja.

REHEMA: Nilipoona nimeharibu, nilijipa moyo kwamba simu ya baba imeunganishwa na akaunti ileile ya Google inayotumiwa na kivinjari cha kompyuta, kwa hiyo manenosiri yangekuwa salama kule. Nilipofungua simu, nako hayakuwapo.

HAMISI: Hilo ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko mengine yote. Usawazishaji si nakala rudufu, kwa kuwa kazi yake ni kuvifanya vifaa vyote vifanane, na ukifuta kwenye kimoja, ufutaji nao husafiri hadi kwenye vingine. Ukitaka kufuta data ya kompyuta moja tu, ondoka kwanza kwenye akaunti katika kivinjari cha kompyuta hiyo, ndipo ufute. Nakala rudufu ni ile inayobaki kama ilivyokuwa hata unapokosea kwingine.

REHEMA: Tulikuwa nayo hiyo, au tulidhani tunayo. Kaka yangu alikuwa amemfungia baba eksteno, yaani diski ya nje inayochomekwa kwenye kompyuta, na kuwasha File History, ile huduma iliyoletwa na Windows 8 mwaka 2012, ambayo kwa kawaida hunakili mafaili yaliyobadilika kila baada ya saa moja. Tuliifungua tukakuta picha za harusi na barua zote za baba, lakini cha kivinjari hatukukuta hata kimoja.

HAMISI: Wala msingekikuta. File History hunakili nyaraka, picha, muziki, video na mafaili yaliyowekwa kwenye uso wa kompyuta, yaani eneo-kazi. Chrome na Firefox huweka mambo yao ndani ya folda iliyofichwa iitwayo AppData, ambayo haimo katika orodha hiyo. Hata kama mngekuwa mmeinakili kwa mkono, manenosiri ya Chrome kwenye Windows hufungwa kwa ufunguo unaotegemea akaunti ya mtumiaji wa kompyuta ileile, kwa hiyo kuyahamishia kwenye kompyuta nyingine kungewapa faili lisilosomeka. Njia ya busara ni kuyatoa mapema kwa kutumia kidhibiti cha manenosiri, yaani programu ya kuyatunza, au hata kuyaandika kwenye daftari linalokaa kabatini. Najua vijana watanicheka kwa hilo la daftari, ila kwa mstaafu anayeishi na jamaa anaowaamini sioni ubaya wake.

REHEMA: Alamisho zake, yaani kurasa alizoziwekea alama ili azirudie, hata hivyo zilibaki zote.

HAMISI: Kwa sababu kufuta data ya kuvinjari hakugusi alamisho. Na hata mtu akizifuta kwa bahati mbaya, Firefox huhifadhi nakala zake yenyewe kila siku inapotumika, ikibakisha kama 15 za karibuni, nawe unaweza kuchagua tarehe unayotaka kurudi. Angalia tu kwamba kurudisha hukaa juu ya zilizopo badala ya kuongeza, kwa hiyo alamisho ulizoweka baada ya tarehe hiyo zitapotea usipozihifadhi kwanza kwenye faili la pembeni.

REHEMA: Sasa tugeuze upande wa pili, mwalimu, maana wewe uliniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: kwamba nakala inaweza kufufua kile ambacho mtu alikusudia kukizika.

HAMISI: Ndivyo ilivyo, hasa kwa wale wanaonakili diski nzima. Historia ya Chrome ni faili la kawaida, na ya Firefox vilevile, ambalo huitwa places.sqlite. Tuseme ulinakili diski yako Jumapili, ukafuta historia Jumatano, kisha diski ikaharibika Ijumaa ukarudisha nakala ile ya Jumapili. Kompyuta itaamka ikiwa katika hali ya Jumapili, pamoja na historia uliyoifuta, na barua ulizoandika Jumatatu hadi Ijumaa hazitakuwamo. Kwa hiyo mtu anayefuta kwa sababu ya faragha anapaswa kujiuliza nakala zake ziko wapi na nani anazishika. Nimewahi kuletewa kompyuta iliyosafishwa vizuri kabisa kabla ya kuuzwa, na ndani ya mfuko huohuo pana eksteno yenye kila kitu.

REHEMA: Baba alimwita pia fundi wa mtaani, naye akapendekeza kutumia System Restore ili kuirudisha kompyuta siku moja nyuma.

HAMISI: Fundi alikuwa na nia njema, ila chombo hicho hakikuundwa kwa kazi hiyo. System Restore ilikuja na Windows Me mwaka 2000, na hurudisha mafaili ya mfumo, mipangilio na programu. Nyaraka na picha zako haizirudishi, kwa hiyo mtu asiiite nakala rudufu. Wanaotumia Mac wana Time Machine tangu mwaka 2007, ambayo hutunza nakala za kila saa kwa siku moja iliyopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi iliyotangulia, hadi diski inapojaa.

REHEMA: Na tunajuaje kwamba nakala tuliyonayo itafanya kazi siku ya siku?

HAMISI: Kwa kuirudisha kabla ya siku hiyo. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya programu ya GitLab alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo sahihi. Walipogeukia nakala zao za kila siku walikuta hazikuwa zikifanyika kwa muda, na barua pepe za kutahadharisha zilikuwa haziwafikii. Waliokolewa na picha ya mfumo, yaani nakala ya data ilivyokuwa wakati ule, ambayo mmoja wao alikuwa ameichukua kwa mkono takribani saa sita kabla, na data ya saa hizo sita ikapotea. Hao ni wataalamu. Nyumbani inatosha kuchagua faili moja kila mwezi, ukalirudisha kwenye folda mpya, si juu ya lile la zamani, kisha ukalifungua na kulisoma.

REHEMA: Eksteno ya baba hukaa imechomekwa usiku na mchana.

HAMISI: Mwambie kaka yako aiondoe ikimaliza kunakili, na aiondoe kwa utaratibu, si kwa kuichomoa tu. Virusi vinavyofunga mafaili ili mtu adai fedha hufunga pia diski yoyote vinayoikuta imeunganishwa, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo hauchagui kifaa.

REHEMA: Manenosiri tuliyapata tena kwa siku mbili, tovuti moja baada ya nyingine, kwa kuomba ujumbe wa simu. Iliyotusumbua ni benki, kwa kuwa ilikuwa na namba ya zamani ya baba, ikabidi aende tawini na kitambulisho. Sasa anataka kuhamia Windows 11, kwa sababu msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

HAMISI: Kabla hajagusa chochote, angalieni kama diski yake imefungwa kwa BitLocker, ile huduma ya Windows inayoifunga diski kwa ufunguo wa siri. Ikiwa imefungwa, kompyuta inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 baada ya mabadiliko makubwa, na asipokuwa nao hataifungua diski hiyo, wewe wala fundi hamtamsaidia. Mara nyingi ufunguo huo huwa umehifadhiwa kwenye akaunti yake ya Microsoft.

REHEMA: Ambayo nenosiri lake nalo nililifuta mimi.

HAMISI: Basi anzeni na hilo Jumamosi, na daftari liwe mezani.