Shati la Kuachia Huanza Kunyooka Kwenye Kamba

BARAKA: Karibuni tena kwenye kipindi chetu, mimi naitwa Baraka, na leo...

ZUHURA: Subiri kwanza. Hilo shati umelitoa mdomoni mwa mbuzi?

BARAKA: (anacheka) Dada Zuhura! Tusalimiane kwanza. Shikamoo.

ZUHURA: Marahaba. Haya, jibu.

BARAKA: Nimelipiga pasi saa kumi na mbili asubuhi, naapa. Nimepanda daladala Mbagala, watu tumebanana, nimeshuka hapa niko hivi. Lakini si ndiyo mada yenyewe? Nimekuja na kielelezo. Wasikilizaji, leo tunaongelea shati la kuachia, hili tunalovaa bila kuchomekea. Mimi ni mvaaji tu. Mwenzangu, kama mnavyomjua, ni fundi cherehani.

ZUHURA: Na watu wanadhani shati la kuachia ni la mvivu. Mimi nasema lina kazi kuliko la kuchomekea.

BARAKA: Kivipi? Si unavaa tu unaondoka?

ZUHURA: Ukichomekea, mkanda unalivuta shati siku nzima. Nusu ya chini imefichwa kwenye suruali, hata ikiwa na makunyanzi nani ataiona? Ukiliachia, hakuna kinachovuta. Pindo liko wazi, na macho ya watu yanaishia pale pale. Angalia lako. Mbele limejikunja kama nyoka kwenye mstari wa vifungo, na pindo limegeuka juu upande mmoja.

BARAKA: Hilo pindo limenishinda. Napiga pasi, nikifika kazini limeshageuka.

ZUHURA: Kwa sababu hili si shati la kuachia. Simama wakuone... ah, hawakuoni. Basi niwaambie. Lina mikia: refu mbele na nyuma, limekatwa juu ubavuni. Mkato huo ni wa kuchomekea, mikia ikae ndani isichomoke ukiinama. Shati la kuachia linakatwa chini moja kwa moja, pengine na kampasuo kadogo ubavuni ili ukikaa lisivutike. Na urefu: lifunike mkanda, liishie katikati ya zipu au chini yake kidogo. Likifunika makalio yote, umevaa kanzu fupi.

BARAKA: Kaunda suti ndivyo ilivyo, eti? Koti linaachiwa na halionekani ovyo.

ZUHURA: Enhe! Kaunda suti imeshonwa iachiwe. Pindo limenyooka, pana, lina uzito wake. Wazee wameivaa maofisini miaka na miaka. Na mzee Mandela? Alipokuwa rais kuanzia 1994, mashati yake yenye marembo yalikuwa nje mpaka kwenye hafla za kitaifa. Nani angethubutu kumwambia achomekee?

BARAKA: Haya, tuseme ninalo la mkato mzuri. Sasa pasi.

ZUHURA: Pasi baadaye. Wewe unafuaje?

BARAKA: Naloweka, nafua, nakamua sawasawa, naanika.

ZUHURA: Unakamua vipi?

BARAKA: Nasokota, kama kamba.

ZUHURA: (kimya kidogo) Unaona sasa.

BARAKA: Lakini hapo nina la kusema, maana nimesoma. Pamba ni minyororo mirefu, myembamba ajabu, imeshikana kwa viungo vidogo vya haidrojeni. Maji yakiingia, vile viungo vinaachia. Nguo ikikauka vinashikana upya, lakini vinashikana pale vilipokutwa. Ikikauka imejikunja, mkunjo ndiyo unakuwa umbo lake.

ZUHURA: Na mimi bila kusoma hayo nawaambia wateja: shati linanyooka likiwa bichi. Usilisokote, likunje na ulibane maji yatoke. Likung'ute mara mbili tatu kwa nguvu, mpaka lipige mlio. Litundike kwenye henga, na henga ndiyo ikae kwenye kamba, si shati lenyewe, funga kifungo cha juu na kimoja cha katikati. Halafu sehemu ambayo watu hawafanyi: shika pindo kwa mikono miwili, vuta chini. Shika ule ukanda wa vifungo juu na chini, vuta. Kola ilaze vizuri kwa vidole. Dakika moja tu. Likikauka, nusu ya kazi ya pasi imeshaisha.

BARAKA: Vibanio?

ZUHURA: Vibanio vinaacha alama, mbaya zaidi zikiwa mabegani, unakuwa kama umeota pembe. Na ligeuze ndani nje, jua la Dar linapausha.

BARAKA: Haya mashati ya mitumba yenye lebo kwamba hayahitaji pasi, ni kweli?

ZUHURA: Mengine kweli. Hilo ulilisoma pia?

BARAKA: Nililisoma! Kuna mkemia wa Marekani, mama mmoja anaitwa Ruth Benerito, alifanya kazi kwenye maabara ya wizara ya kilimo kule New Orleans. Miaka ya 1950 na 1960 yeye na wenzake walitafuta namna ya kuifunga ile minyororo ya pamba kwa kemikali, isiteleze ovyo nguo ikilowa. Pamba ilikuwa inanyang'anywa soko na poliesta na nailoni, kwa hiyo wakulima walikuwa na hamu kwelikweli. Yule mama alikuwa na hataza 55, yaani haki za uvumbuzi, kwa jina lake, na amefariki 2013.

ZUHURA: Alitusaidia, lakini kitambaa kile kinapoteza nguvu kidogo. Nimerekebisha mengi, ukivuta mshono unasikia kinalia. Na dawa nyingi za namna hiyo zina formaldehidi, kemikali inayoweza kuwasha ngozi, kwa hiyo likiwa jipya lifue kwanza ndipo uvae. Usiliweke wanga pia, halina haja.

BARAKA: Wanga bado watu wanatia?

ZUHURA: Kwa kanzu sana. Kwa shati la kuachia mimi natia kidogo tu, na si shati zima. Maji ya mchele yaliyochujwa, au unga wa muhogo ukorogwe mwepesi kabisa, unapaka kola, ukanda wa vifungo na pindo. Ukizidisha linakakamaa, ukikaa unapata mistari kama karatasi iliyokunjwa.

BARAKA: Sasa naruhusiwa kufika kwenye pasi?

ZUHURA: Karibu. Lipige likiwa na unyevunyevu. Likishakauka kabisa, nyunyizia maji, lizungushe kama mkeka uliache robo saa. Nukta za kiwango cha moto kwenye pasi uzisome: moja ni ya nailoni, mbili za poliesta, tatu ni za pamba na kitani. Ukizichanganya...

BARAKA: Nilichanganya. Shati la sikukuu, la poliesta, pasi ya mama ya mkaa. Lilibaki na dirisha mgongoni.

ZUHURA: Pasi ya mkaa haina nukta, mwanangu! Unajaribia kwenye kitambaa kibichi kwanza. Sisi tulikuwa tunaipitisha kwenye jani la mgomba, inateleza na masizi yanatoka. Umeme ukikatika bado naitumia.

BARAKA: Unaanza wapi?

ZUHURA: Kola, upande wa ndani kwanza, kutoka ncha kwenda katikati. Ukitoka katikati kwenda ncha, unausukuma mkunjo unakwama pembeni. Kisha mikono, mabega, mgongo, mbele mwisho. Na pindo unalimalizia peke yake, kutoka ndani, ukilivuta kwa mkono wa pili. Rangi ya giza weka kanga mbichi juu, ama sivyo linang'aa kama kiwiko cha koti kuukuu.

BARAKA: Kanga ya nani?

ZUHURA: Si ya mkeo mpya, utalala nje. Na jambo jingine, hata kama hujali makunyanzi: nguo iliyoanikwa nje, hasa chini au ikiwa na unyevu, kuna inzi anataga mayai juu yake. Mabuu yanaingia kwenye ngozi, unapata jipu lenye kitu hai ndani. Pasi ya moto inaua. Ndiyo maana bibi zetu walipiga pasi mpaka chupi.

BARAKA: Hapo umenitisha kuliko poliesta. Kuna watu wanasema utundike shati bafuni, uoge maji ya moto, mvuke utalinyoosha.

ZUHURA: Inafanya kazi, mikunjo midogo. Una bafu la namna hiyo?

BARAKA: Kwangu maji ya moto yanatoka kwenye sufuria.

ZUHURA: Basi lilete juu ya sufuria hilo hilo, mbali kidogo, ulivute pindo. Mvuke ni mvuke.

BARAKA: Na daladala je? Maana yote haya nilifanya nusu yake leo, nikaharibikiwa njiani.

ZUHURA: Ukikaa, inua mkia wa nyuma usiukalie. Hiyo tu. Joto lako na jasho, pamoja na uzito wako, ni pasi ya kukunja. Begi shika mkononi, ule mkanda wa begi la bega moja unachora mstari kifuani. Na kitambaa chagua kulingana na safari. Kitenge cha pamba nzito kina marembo, mkunjo hauonekani sana. Kitani kitajikunja hata ukisali, ukikivaa kubali tu. Pamba yenye poliesta kidogo ndani ndiyo inayovumilia Mbagala, ingawa inatunza joto.

BARAKA: Sasa hili langu ndiyo nilitupe?

ZUHURA: La nini? Lina nguo ya kutosha. Nakata mikia, nanyoosha chini, nakunja pindo la sentimita mbili na nusu lipate uzito, naweka mpasuo pande mbili. Kesho jioni unalichukua.

BARAKA: Bei gani?

ZUHURA: Hiyo tutaongea ukishazima maiki.