Kina Zuberi na lugha isiyo na ajira

Asanteni, kaeni. Nimepewa dakika ishirini, na mbili zimeshaliwa mlangoni na kijana aliyenisimamisha: "Mwalimu, hiyo lugha ya programu, Erlang, ya nini? Ajira ziko wapi?" Mwaka jana niliulizwa hivyo hivyo. Nashuku ni yule yule.

Sitaeleza fanksheni ni nini, wala kwa nini kigeu cha Erlang kikishapewa thamani hakibadilishwi. Hayo mmesoma. Leo tunaongelea kina Zuberi. Mlioshawasikia, vumilieni.

Niliwahi kutengeneza programu ya ushirika mmoja wa maziwa. Kazi nyepesi: kila jioni mfugaji apate meseji ya lita alizopeleka asubuhi. Wafugaji kama elfu nne. Nikaandika kwa Python, lugha nyingine ya programu, nikalipwa, nikaondoka napiga mluzi. Wiki tatu baadaye nikaitwa. Nakuta Mzee Zuberi na wenzake wamejaa ofisini, wamefura. Kina Abdallah na kina Asha wanapata meseji kila siku. Kina Zuberi hawajapata hata moja. Wao walishakata shauri: tunaibiwa lita.

Nikakagua. Karani alipokuwa anaandika namba ya mfugaji mmoja wa herufi J, mahali pa sifuri alibonyeza herufi O. Programu yangu ilikuwa inashuka na orodha kwa alfabeti. Ikifika kwenye ile O, inaanguka. Kila jioni, pale pale. Kuanzia K kwenda chini, kimya.

Najua mnachotaka kusema: ungelidaka hilo kosa, programu iliruke na kuendelea. Nikalidaka! Wiki iliyofuata mtandao wa simu ukachelewa kujibu, programu ikakaa inasubiri meseji moja mpaka usiku wa manane. Nikaweka kikomo cha kusubiri. Kisha akasajiliwa mfugaji anaitwa Ng'wandu, na ile alama ya ng' ikavunja ombi langu kwenye hifadhidata. Kosa la kijinga, langu mwenyewe. Nani tena hakupata meseji? Zuberi.

Ndipo nikaiandika upya kwa Erlang, kila meseji ikawa mchakato wake, yaani kijikazi kinachojiendesha peke yake. Msiuchanganye na mchakato wa Windows au Linux. Huu ni mdogo mno, unaanza na kilobaiti mbili tatu za kumbukumbu, kwa hiyo elfu nne kwa mpigo si kitu hata kwenye kompyuta chakavu ya ofisini. Hakuna anayegusa kumbukumbu ya mwenzake. Wanatumiana ujumbe tu. Ng'wandu akikwama, anakwama peke yake. Msimamizi, naye ni mchakato tu, anapata taarifa, jina linaandikwa pembeni, karani analikuta asubuhi. Daladala moja ikipata pancha Mwenge, za Mbagala zinaendelea kupakia. Makosa yangu hayakupungua, jamani. Yaliacha tu kuambukizana.

Na hili sikulibuni mimi. Mwaka 1986, kule kampuni ya Ericsson nchini Sweden, Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams walianza kuhangaika na ugonjwa wa kina Zuberi katika mitambo ya simu: laini moja ikiharibika, huwezi kukatia mji mzima. Walikuwa na tatizo mkononi ndipo lugha ikaja. Ninyi mnajifunza lugha Jumamosi, Jumatatu mnazunguka nayo mnauliza nani ana tatizo.

Tena mwaka 1998 kitengo kimoja cha Ericsson hiyo hiyo kikaipiga marufuku kwa bidhaa mpya! Mwaka haujaisha, ikatolewa bure kwa kila anayeitaka. Miaka kumi na moja mbele inaanzishwa WhatsApp, seva zake zinajengwa kwa Erlang. Facebook walipotangaza mwaka 2014 kuinunua kwa dola bilioni 19, ilikuwa na watumiaji milioni 450 na wahandisi 32. Nanyi mnaniambia haina kazi, huku wewe wa mlangoni uko WhatsApp muda huu. Nakuona.

Kwa hiyo tuandike kila kitu kwa Erlang? Hapana! Nani amesema hivyo? Kama kazi yako ni hesabu nzito, kuchambua picha, au sura ya programu ya simu, usijitese. Tafuta mahali penye vitu vingi vidogo vinavyojitegemea, ambavyo kila kimoja kinaweza kukatika muda wowote. Mita za maji zinazotuma usomaji. Vifaa vya kufuatilia bodaboda. Menyu ya USSD, zile za kubonyeza nyota na reli kwenye simu: mteja ameshaweka namba ya siri, anasubiri salio, mtandao umekata, na wengine elfu wako nyuma yake. Kila mteja pale ni mchakato. Erlang imeshamkatia nguo, mvalishe tu.

Naonyeshwa dakika moja. Haya, haraka. Sintaksia, yaani kanuni za kuiandika: koma, nukta mkato, nukta, kama insha ya darasa la saba, utazoea. Ukishindwa, ipo lugha nyingine, Elixir ya José Valim, inakimbia juu ya mashine pepe ile ile inayoendesha Erlang. Nilitaka pia kuwaonyesha jinsi ya kubadilisha msimbo huku mfumo unaendelea na kazi, na hiyo ndiyo tamu kuliko zote, lakini basi, tutaonana kwenye chai.

Swali moja. Nani? Wewe tena?

Zuberi? Ndiyo, meseji anapata kila jioni. Sasa anasema lita ni chache.