Umeomba Udaktari Mara Mbili Ukakosa: Ulikwama Wapi Hasa?

REHEMA: Karibuni wasikilizaji. Kipindi cha leo ni cha yule aliyeomba shahada ya udaktari wa binadamu, MD, hapa Tanzania, akakosa mwaka wa kwanza, akakosa tena wa pili, na sasa dirisha la udahili linakaribia huku mkononi ana matokeo yaleyale. Niko na kaka Yusto.

YUSTO: Ahsante, dada Rehema. Mimi ningemwambia asiguse fomu ya tatu kabla hajajibu swali moja: ulikosa sifa, au ulikosa nafasi? Hayo ni magonjwa mawili, na dawa ya moja haitibu jingine. Mtu aliyekosa sifa anaweza kuomba vyuo kumi, akalipa ada kumi za maombi, na majibu yakawa yaleyale kila mahali.

REHEMA: Na wengi hawajui wako upande gani, kwa sababu mfumo unamwambia tu kwamba hakuchaguliwa.

YUSTO: Basi tuanze na waliokosa sifa. Mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa mwenye cheti cha kidato cha sita unataka ufaulu wa masomo matatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla isipungue pointi 6, na kila somo lisiwe chini ya D. Pointi zinahesabiwa hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D tatu ni pointi 6 kamili, na mwenye D tatu ana sifa.

REHEMA: Hapo ndipo watu wanapoumia. Chukua kijana mwenye B ya Kemia, C ya Baiolojia na E ya Fizikia. Anajumlisha 4, 3 na 1, anapata 8. Anasema, nimevuka 6, mbona wananiacha?

YUSTO: Wanamwacha kwa sababu ya ile E. Pointi 8 haziifuti. Mwenye D tatu, pointi 6, anahesabiwa kuwa na sifa, na yeye wa pointi 8 hahesabiwi. E ni ufaulu kwenye cheti, ndiyo, lakini kwa MD haitoshi. Mtu wa namna hiyo hata akiomba miaka mitano, hakuna kitakachobadilika mpaka Fizikia ibadilike.

REHEMA: Kwa hiyo dawa yake ni kurisiti, yaani kurudia mtihani wa somo hilo.

YUSTO: Kurisiti Fizikia, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na aelewe umbali anaotakiwa kutembea. Kidato cha sita E ni alama 40 hadi 49, D inaanzia 50. Aliyepata E amebakiza alama kumi au pungufu. Si mlima. Mwenye S, yaani 35 hadi 39, au F, chini ya 35, huyo ana kazi kubwa zaidi na lazima apange mwaka mzima.

REHEMA: Mtihani wa kidato cha sita unafanyika Mei, lakini usajili unafungwa miezi mingi kabla. Kosa la kwanza la warisiti ni kusubiri majibu ya awamu ya mwisho ya udahili ndipo wakumbuke kujisajili. Mara nyingi wanakuta NECTA, Baraza la Mitihani, imeshafunga dirisha, au limebaki lile la kulipa faini. Matokeo yakitoka Julai na ukaona E, fuatilia usajili wiki hiyohiyo. Ukipata chuo baadaye, utakuwa umepoteza ada ya usajili tu.

YUSTO: Kosa la pili ni kituo. Fizikia ina karatasi tatu, na ya tatu ni mtihani wa vitendo. Kuna vituo vinavyopokea watahiniwa wa kujitegemea lakini maabara yake ni chumba chenye meza. Ukienda kujisajili, omba kuiona maabara, na uulize waziwazi: mtatufundisha vitendo lini, mara ngapi kwa wiki, na vifaa vinatosha watu wangapi kwa zamu moja? Wakikuambia mtafanya mazoezi wiki ya mwisho kabla ya mtihani, ondoka.

REHEMA: Hapo kwenye vitendo tukae kidogo, maana ndiko alama zinakopotea kwa mambo madogo.

YUSTO: Kwenye Fizikia, grafu. Mtu anafanya jaribio vizuri kabisa, halafu grafu haina kichwa, mihimili haina vipimo, skeli haikuandikwa, au amechagua skeli ya ajabu na nukta zote zimejikunja kwenye kona moja ya karatasi. Kisha anatafuta mteremko kwa kutumia nukta mbili kutoka kwenye jedwali lake. Hapana. Chora mstari unaozifaa nukta zote kwa pamoja, halafu chagua sehemu mbili juu ya mstari wenyewe, zilizo mbali mbali. Zikiwa karibu karibu, kosa dogo la kusoma linakuwa kosa kubwa kwenye jibu.

REHEMA: Na kwa anayerisiti Kemia, ile titresheni, jaribio la kupima nguvu ya myeyusho mmoja kwa kutumia mwingine. Andika ujazo wa pipeti uliyotumia, kwa sababu hesabu zote zinaanzia pale. Soma bureti jicho likiwa usawa wa kimiminika, weka nafasi za desimali zilezile kwenye safu nzima, na wastani uchukue kwenye majaribio yanayokaribiana tu. Lile la kwanza la kukisia usilichanganye humo.

YUSTO: Kwenye nadharia ya Fizikia, nashauri mrisiti aanze na mada zinazodharauliwa. Fizikia ya mazingira ni mfano mzuri. Ni maelezo zaidi kuliko hesabu, inasomeka kwa wiki mbili tatu, na shule nyingi huifikia mwishoni walimu wakiwa wamechoka. Mtu anayetafuta alama kumi hana sababu ya kuiacha. Elektroniki nayo inafanana: mwanzoni inatisha, lakini maswali yake yana mtindo unaojirudia. Umekanika unachukua muda mrefu, kwa hiyo upewe miezi, usipewe siku.

REHEMA: Sasa kuna njia ya pili, ya stashahada ya utabibu. Miaka mitatu, unatoka ofisa tabibu, halafu unaomba MD kwa sifa linganishi, yaani stashahada inasimama badala ya kidato cha sita.

YUSTO: Njia nzuri, na haipiti kwenye cheti cha kidato cha sita. Lakini ina mtego mmoja unaoniuma sana kila nikiuona. Mwongozo unataka stashahada hiyo iwe na wastani wa B au GPA, yaani wastani wa alama za masomo yote, isiyopungua 3.0. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba pamoja na stashahada unatakiwa kuwa na angalau D za kidato cha nne katika masomo matano: Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza.

REHEMA: Na kuingia stashahada ya utabibu hakuhitaji Hisabati.

YUSTO: Ndiyo mtego wenyewe! Unaingia kwa D nne, tatu zikiwa za Kemia, Baiolojia na Fizikia. Unasoma miaka mitatu, unatoka na GPA ya 4.2, unaomba MD, unaachwa. Unaomba mwaka wa pili, unaachwa. Unadhani ushindani ni mkali, kumbe ni F ya Hisabati iliyokaa kwenye cheti tangu kidato cha nne. D ya kidato cha nne ni alama 30. Risiti Hisabati, mtihani ni Novemba, na kama bado uko mwaka wa kwanza wa utabibu, fanya sasa.

REHEMA: Mwenye stashahada anahitaji pia AVN, namba ya uhakiki kutoka NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya stashahada. Bila hiyo chuo hakiwezi kuthibitisha matokeo yako. Na haitoki kama chuo chako hakijapeleka matokeo ya mwisho, kwa hiyo mfuatilie msajili wa taaluma mapema. Dirisha la TCU halimsubiri.

YUSTO: Twende kwa waliokosa nafasi. Huyu ana sifa zote, labda pointi 7 au 8 safi, lakini ameomba Muhimbili, yaani MUHAS, na Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, pekee, mara mbili. Kwetu hapa hakuna insha wala usaili wa kukuinua. Alama ndizo zinazopangwa, wa juu anaanza. Pointi zako zikiwa za chini, barabara ni mbili: uzipandishe, au ubadilishe mahali unapoomba.

REHEMA: Na mwongozo wa TCU unakusaidia kuchagua, watu hawausomi tu. Kuna mwongozo wa wenye kidato cha sita na mwingine wa wenye stashahada. Soma ulio wako, toleo la mwaka huu. Kwenye jedwali la kila chuo angalia safu tatu: sifa za kuingia, pointi za chini za chuo chenyewe, na idadi ya nafasi.

YUSTO: Halafu panga mseto. Omba kimoja cha ndoto yako, kisha ongeza Bugando kule Mwanza, KCMC Moshi, kampasi ya afya ya UDSM kule Mbeya, SUZA kwa Zanzibar, Kairuki, Mtakatifu Fransisko Ifakara. Vya binafsi vina ada kubwa, na lazima familia ikae chini ipige hesabu ya miaka mitano, kwa sababu mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, unaweza usifunike ada yote. Hilo lisemwe nyumbani kabla ya kuomba, lisisubiri barua ya udahili.

REHEMA: Kuna na wale wanaoponzwa na taarifa. Aliyerisiti ana namba mbili za mtihani: ya shule inaanza na S, ya kujitegemea inaanza na P. Anajaza ile ya zamani peke yake, mfumo unavuta matokeo ya zamani, E inarudi. Jaza zote. Na muulize ofisa udahili kwa barua pepe kama chuo kinapokea matokeo ya vikao viwili, yaani ya mtihani wa shule na ule wa kurisiti kwa pamoja, ubaki na jibu la maandishi. Kwenye ombi la mkopo nako, namba ya kidato cha nne iwe ileile uliyoombea chuo.

YUSTO: Na namba ya simu iwe yako. Watu wanajaziwa fomu steshenari, kijana wa pale anaweka namba yake na barua pepe yake. Ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe wa simu. Ujumbe ukienda kwa mtu mwingine na siku za uthibitisho zikapita, nafasi inapotea ukiwa umeshachaguliwa.

REHEMA: Wanaofikiria kwenda nje je?

YUSTO: Waanzie TCU kabla ya kumlipa wakala chochote. Waulize kama chuo hicho kinatambuliwa na kama sifa zao zinakubalika. Wakirudi kuna mtihani wa Baraza la Madaktari kabla ya mafunzo ya mwaka mmoja hospitalini.

REHEMA: Mwisho, majina ya awamu ya kwanza yametoka na jina lako halipo. Siku hiyo unafanya nini?

YUSTO: Unaingia tovuti ya TCU na za vyuo kutazama programu zenye nafasi zilizobaki, kwa sababu dirisha la awamu ya pili ni fupi. Mpigie ofisa udahili, uliza MD imebakiza nafasi ngapi, omba siku hiyohiyo. Vyeti uwe umeshavipiga skani vyote, cheti cha kuzaliwa kikiwemo, na jina liwe limeandikwa vilevile kila mahali. Kama kuna herufi inayotofautiana, hati ya kiapo iwe imeshatengenezwa tangu Juni.